Kabla ya sokwe na papa, tuitazame sakafu

Mtoto wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anamtambua mukeke, ndagala na sangala kabla hajajua kusoma. Taa ni habari nyingine. Samaki huyo bapa, mwenye mkia mrefu na mwiba wa sumu, anaishi baharini, zaidi ya kilomita elfu moja mashariki, na wengi wa mtaa huo watamjua kwa picha tu. Mmea uitwao kitaalamu Selaginella kraussiana hauko mbali hivyo. Ni kijani kifupi kinachotambaa kwenye unyevunyevu wa misitu ya milimani barani Afrika, msitu wa aina ya Kibira, ule ambao mito yake inateremka kwenye uwanda wa Imbo. Hata hivyo, ni wachache sana watakaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Ukiwaweka taa na mmea huo kwenye sentensi moja, wapo watakaocheka. Mmoja ni samaki, mwingine ni jani. Mmoja anawinda, mwingine unakula mwanga. Lakini viumbe hao wana jambo moja kubwa linalowaunganisha, nalo ni pale walipo: chini kabisa. Wote wawili wameyajenga maisha yao kwa kulala bapa juu ya sakafu, mmoja juu ya mchanga wa bahari, mwingine juu ya udongo wa msitu. Na sakafu hizo mbili ndizo tunazozibomoa kwa kasi huku tukijisifu kwamba tunawalinda wanyama wakubwa wanaoonekana.

Aanze taa. Katika jamaa zake wote wa pwani ya Afrika Mashariki, anayependwa sana na wapiga mbizi ni taa mdogo wa madoa ya buluu, Taeniura lymma. Mwili wake kwa kawaida hauzidi upana wa sentimita 35, ukubwa wa sinia la kawaida la wali. Mgongo ni wa rangi ya kahawia iliyoelekea manjano, umetapakaa madoa ya buluu kali, na mkia una mstari wa buluu kila upande. Macho yako juu, mdomo uko chini. Nyuma ya kila jicho kuna tundu la kuvutia maji ya kupumua, ili samaki anayelalia tumbo asivute mchanga. Wakati wa maji kupwa hujificha chini ya matumbawe, pengine mkia tu ukabaki nje. Maji yakianza kujaa, hutoka na wenzake na kuingia kwenye mchanga wa kina kifupi kutafuta minyoo, kamba, kaa na samaki wadogo. Mawindo yaliyojifukia hayamsumbui, kwa sababu ngozi yake ina vitundu vinavyohisi umeme hafifu unaotoka kwenye mwili wa kila kiumbe hai.

Mtu wa kwanza kumweka kwenye maandishi ya sayansi alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Carl Linnaeus, aliyekuwa kwenye msafara wa Denmark kwenda Uarabuni. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake, Carsten Niebuhr, aliyerudi salama. Wavuvi wa Bahari ya Shamu na wa pwani ya Waswahili, bila shaka, walikwishamjua taa karne nyingi kabla ya hapo. Walimjua kwa nyama yake, mbichi na ng'onda, na kwa mwiba wake.

Mwiba huo si wa kutania. Uko kwenye mkia, una meno pembeni kama ya msumeno, na sumu yake inauma vibaya mno. Wengi wanaochomwa ni watu wa kina kifupi, yaani wanawake wanaochokoa pweza, wakulima wa mwani na watoto. Taa hamfuati mtu, hujitetea anapokanyagwa. Ndiyo maana wanaojua huburuza miguu mchangani badala ya kunyanyua hatua, ili samaki asikie na kuondoka mapema. Anayechomwa huwekwa mguu kwenye maji ya moto kwa kadiri anavyoweza kuvumilia, kwa kuwa joto hupunguza maumivu, kisha hupelekwa hospitali. Dunia nzima ilikumbushwa hatari hiyo Septemba 4, 2006, pale mtangazaji wa vipindi vya wanyama wa Australia, Steve Irwin, alipochomwa kifuani na taa mkubwa na kufariki.

Sasa mmea. Selaginella kraussiana hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Shina lake jembamba linatambaa chini na kugawanyika mara mbili, kisha mbili tena, likiteremsha mizizi kila linapopata udongo. Ukilisogeza karibu na jicho utaona majani ya saizi mbili. Makubwa yametanda pembeni, madogo yamelala juu ya shina, na kila jani lina mshipa mmoja tu. Kwenye ncha za matawi hutokea vikonyo vidogo vyenye pembe nne, ambamo spora huzaliwa. Spora za kiume ni nyingi na ndogo mno. Za kike ni chache na kubwa, na kwa kawaida kila kikonyo huwa na kifuko kimoja tu cha kike, chini kabisa.

Jina lake limetokana na Ferdinand Krauss, mwanasayansi wa Ujerumani aliyekusanya mimea na wanyama Afrika Kusini kati ya miaka ya 1838 na 1840. Ukoo wenyewe ni mkongwe kupita kiasi. Mababu wa mimea hii walikuwepo nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla ya mti wowote wa maua, kabla ya mjusi wa kwanza. Katika zama za Kaboni, ndugu zao wa mbali waliitwa Lepidodendron na walikuwa miti ya mita 30 na zaidi. Mabaki yao ni sehemu kubwa ya makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Uingereza na Marekani. Majitu hayo yalitoweka. Waliobaki mpaka leo ni hawa wanaotambaa.

Taa ni kijana mbele ya mmea huo. Mababu zake wenye mifupa ya gegedu, wa ukoo mmoja na papa, wana umri unaokaribia ule wa mababu wa Selaginella, lakini samaki wa umbo la taa wanaonekana kwenye visukuku vya zama za Jurasiki. Hata hivyo, wametosha kuuona mwisho wa dainosari, miaka milioni 66 iliyopita, na wakaendelea kuogelea.

Hapo ndipo ulinganisho unapoacha kuwa mzaha. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Jill Harrison na wenzake uliotumia mmea huu huu, Selaginella kraussiana, kuuliza jani lilianzaje. Jibu lilishangaza wengi. Majani ya ukoo wa Selaginella na majani ya mimea ya maua yalizuka mbalimbali, kila ukoo kwa wakati wake, lakini yote yalitumia utaratibu ule ule wa jeni uliokuwepo tangu kale. Miaka 18 baadaye, mwaka 2023, jarida hilo hilo likachapisha usomaji wa jenomu ya samaki wa jamii ya taa anayeishi Atlantiki ya kaskazini, Leucoraja erinacea. Ferdinand Marlétaz na wenzake walionyesha kwamba mapezi mapana ya samaki huyo, yale yanayofanana na mabawa, yanatokana kwa sehemu kubwa na mabadiliko ya namna jeni za zamani zinavyowashwa na kuzimwa. Jani la Kibira na bawa la taa vyote vimetengenezwa kwa vifaa vilivyokuwa nyumbani tayari.

Kuna pia suala la rangi. Buluu ya taa wa madoa haitokani na rangi iliyomo kwenye ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiji la Hong Kong wameonyesha kwamba inatokana na chembe ndogo mno ndani ya seli, zinazotawanya mwanga wa buluu, na tabaka jeusi chini yake linalomeza mwanga uliobaki. Huko misitu ya kusini-mashariki mwa Asia kuna Selaginella willdenowii, ndugu wa mmea wa kwetu, ambaye majani yake nayo hung'aa buluu kivulini. Hana rangi ya buluu hata tone. Ni tabaka nyembamba za juu ya jani zinazouchezea mwanga. Samaki na mmea, visivyokutana popote, vimepata buluu kwa kuuchezea mwanga.

Tofauti zao zinafundisha vilevile. Taa jike hazai mayai. Hubeba watoto tumboni, huwalisha kwa majimaji yenye lishe kutoka kwenye mfuko wake wa uzazi, na huzaa wachache, wasiozidi saba kwa mara moja. Kila mmoja hutoka akiwa kamili, na mwiba wake. Selaginella humwaga spora bila kujua zitaangukia wapi. Zikiota, mbegu ya kiume ina mikia miwili na lazima iogelee kwenye utando wa maji kuifikia ya kike. Hebu fikiri: samaki, aliyezungukwa na bahari nzima, hupandana ndani ya mwili. Mmea wa nchi kavu ndio unaohitaji maji ya nje ili upate uzao. Pasipo unyevu sakafuni, ndoa hiyo haifungwi.

Kwa hiyo kila mmoja ana udhaifu wake. Anayezaa wachache hawezi kufidia haraka wanaovuliwa. Anayetegemea utando wa maji hawezi kuvumilia sakafu iliyokauka kwa jua.

Msomaji wa Bujumbura anaweza kuuliza: kama taa wana mbinu zote hizo, mbona Tanganyika haina hata mmoja? Swali si la kipuuzi. Katika mto Benue, Afrika Magharibi, yupo taa wa maji baridi, na mto Amazon una jamii nzima yao. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanazuolojia wa Uingereza J. E. S. Moore alifika Tanganyika, akaona konokono wenye sura ya baharini na yavuyavu wa maji baridi, akahitimisha kwamba ziwa hilo ni masalia ya bahari ya kale. Kitabu chake kilitoka mwaka 1903. Alikosea. Ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa, na viumbe wake wamejiumba humo humo kwa mamilioni ya miaka. Mkono wa bahari haukufika, na maji yake hutokea mto Lukuga kuelekea Kongo na Atlantiki, mbali na pwani ya Waswahili. Nafasi ya kuishi sakafuni imejazwa na wengine: kambare, konokono, na samaki wadogo wa mawe wanaosafirishwa kwenda kwenye matangi ya mapambo ya Ulaya.

Mapambo, kwa kweli, ni jaribu jingine linalowaunganisha taa na mmea. Taa wa madoa ananunuliwa sana na wafugaji wa samaki kwa sababu ya uzuri wake, na mara nyingi hugoma kula, akafa tangini. Selaginella kraussiana nayo iliuzwa kama pambo la chunguni. Huko New Zealand ilitoroka bustanini, ikaingia misituni na kuifunika miche ya mimea ya asili, mpaka serikali ikaiweka kwenye orodha ya magugu yasiyoruhusiwa kuuzwa wala kupandwa. Kiumbe cha sakafuni ukikitoa kwenye sakafu yake, ama unakiua, ama kinaua wengine.

Tuangalie basi sakafu zenyewe. Baharini, Tanzania ilipiga marufuku uvuvi wa baruti tangu mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kwa miongo kadhaa, mpaka ilipopungua sana baada ya operesheni za kuanzia mwaka 2016. Jiwe la tumbawe lililosagwa kwa baruti halifichi taa tena. Kokoro nalo, linalokokotwa juu ya majani ya bahari, huzoa wakubwa na watoto bila kuchagua. Kwa taa anayezaa watoto wachache, wavu wa namna hiyo ni kufuta kizazi. Mwaka 2021 wanasayansi waliotathmini papa, taa na jamaa zao duniani kote walikuta spishi 391 kati ya 1,199 ziko hatarini kutoweka. Kwa kukadiria na zile zisizo na taarifa za kutosha, wakafikia asilimia 37.5. Sababu kuu ni moja: kuvuliwa kupita kiasi.

Nchi kavu, Kibira ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980, yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 400. Inaungana na Nyungwe ya Rwanda, ambayo mwaka 2023 iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sehemu ya Kibira imo katika uliokuwa mkoa wa Cibitoke, jina moja na mtaa wa mjini, ambao mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa mitano umeuingiza ndani ya mkoa wa Bujumbura. Ukitajwa Kibira, watu hutaja sokwe. Sokwe anastahili. Lakini mti unapokatwa kwa mbao au makaa, kinachotangulia kubadilika ni chini: jua linapiga udongo, unyevu unakauka, mimea ya kivuli inakufa. Sokwe anaweza kuhama bonde moja kwenda jingine, jambo ambalo Selaginella haiwezi.

Wapo watakaosema: mama wa Cibitoke anayepika kwa makaa na kuhangaikia bei ya ndagala ana muda gani wa kufikiria mmea wa sentimita chache? Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mvuvi wa Pemba asile taa, wala mkaa wa kuni hautaondoka jikoni kwa hotuba. Lakini gharama ya sakafu iliyoharibika haibaki msituni. Usiku wa Februari 9 kuamkia 10, mwaka 2014, mvua kubwa ilishusha maji, tope na mawe kutoka milimani hadi mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge na Kinama zikiwemo, majirani wa Cibitoke. Zaidi ya watu 60 walifariki, na maelfu wakakosa makazi. Milima iliyoshusha tope hilo ni ile inayolikabili jiji, si Kibira, na kijani kinachotambaa peke yake hakizuii mafuriko. Ila kanuni ni hiyo hiyo: udongo uliovuliwa nguo hauna wa kuushika.

Tope likimaliza kupita mjini huingia ziwani, na huko nako kuna sakafu. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za Tanganyika zenye tope jingi kutoka mabonde yaliyolimwa na zile zenye tope kidogo. Penye tope, aina za ostrakodi, viumbe wadogo wenye magamba wanaoishi chini, zilikuwa chache zaidi, na samaki nao walipungua aina. Upande wa Burundi, wenye mashamba hadi vilele vya milima, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Kwa hiyo mkazi wa Cibitoke asidhani kwamba habari ya sakafu ni ya watu wa Pemba na wa Kibira. Yeye yuko katikati: tope linatoka juu yake na kutua kwenye chakula chake.

Kosa letu ni la kuhesabu. Mafanikio ya hifadhi tunayapima kwa idadi ya wanyama wanaopigwa picha, na ya uvuvi kwa tani zilizoletwa ufukoni. Vipimo hivyo havioni chini. Msitu unaweza kubaki kijani kwenye picha ya satelaiti huku sakafu yake imekwisha kulimwa chini ya miti, na ghuba inaweza kuleta tani zile zile kwa mwaka mmoja au miwili huku taa wakubwa wakiisha na nyavu zikijaa vichanga. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini inabidi aambiwe atazame wapi.

Yanayoweza kufanyika hayahitaji fedha za ajabu. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, inaweza kuwafundisha walinzi wa Kibira kuandika hali ya mimea ya sakafuni wanapofuatilia sokwe. Tayari wako pale pale. Chuo Kikuu cha Burundi kina urithi wa kuanzia, maana tangu mwaka 1972 Joseph Lewalle alikwishachapisha maelezo ya tabaka za uoto wa magharibi mwa nchi. Kamati za uvuvi za pwani ya Tanzania na Kenya zinaweza kuorodhesha taa kwa aina na ukubwa badala ya kuwaandika wote kwa neno moja, na kumrudisha majini jike mwenye mimba anayepatikana hai. Walimu wa biolojia wa Cibitoke, wanaofundisha mimea isiyo na maua kwa mchoro wa ubaoni, wanaweza kuomba sampuli chache zilizokaushwa, kila mwanafunzi akaliona jani la mshipa mmoja kwa jicho lake.

Na wizara zinazogawa fedha za mazingira, za Burundi, Tanzania na Kenya, zitakapopanga bajeti ijayo, ziweke fungu la sakafu: kupanda tena miteremko iliyo juu ya miji, kulinda majani ya bahari na matumbawe dhidi ya nyavu za kukokota, na kulipa watu wa kupima vyote viwili kila mwaka. Fungu hilo lisisubiri mafuriko mengine.